Mjomba Aliyekwaruza CD kwa Makusudi

Mjomba,

Barua zangu zote kwako zilianza kwa kuulizia presha yako. Hii sijui niianzie wapi. Acha nianze na msamaha. Siku ya maziko yako kule Narung'ombe, basi letu lilikuwa limekwama kwenye tope njiani. Nilifika umeshazikwa. Mama Issa, mkeo, alinikumbatia tu, hakuniuliza kitu, na hilo ndilo lililoniliza.

Kibanda chako cha Nachingwea siku hizi wanashonea nguo. Deki za CD zilizokuwa zinasubiri kutengenezwa, Issa amezirudisha kwa wenyewe, moja moja, kwa baiskeli.

Nilikuja kwako nikisubiri matokeo ya kidato cha sita. Siku ya kwanza tu nikakukuta unaikwaruza kwa msasa CD nzima, isiyo na kasoro. Nikasema moyoni, mjomba kachanganyikiwa. Ukaniambia, "Mwanangu, CD nzima haikuambii kitu. Bwana huyu anatoka Chunyu, deki yake inakwenda harusini, kwenye vumbi. Bora inigomee mimi hapa kuliko kumgomea yeye mbele ya wakwe." Ukaiweka. Picha ikavunjika vipande, deki ikanyamaza kabisa. Yule bwana aliondoka mikono mitupu, amenuna. Siku tatu baadaye, ulipokwisha kuitengeneza, alikuja kuichukua, ikaicheza mpaka mwisho CD ile ile iliyokwaruzwa.

Kazi yangu hukuwahi kuielewa, na mimi sikujitahidi kukueleza. Ofisini kwetu hapa Dar tunatengeneza programu ya kuonyesha masomo ya video mashuleni. Ndani ya video hizo, kama ndani ya CD, picha imebanwa ichukue nafasi ndogo: kinachojirudia sana hupewa alama fupi, cha nadra hupewa ndefu. Mimi niliandika sehemu inayozisoma alama hizo. Zimepangwa bila nafasi katikati, kwa hiyo moja ikisomwa vibaya, zinazofuata zote zinapotea.

Programu ilikuwa imefaulu kila jaribio. Dada Neema, mkuu wetu, alitaka tuikabidhi wiki ile ile. Nikamwomba siku chache. Nikachukua video nzima, nikaanza kuiharibu. Nageuza tarakimu moja ndani yake, naiendesha. Nageuza nyingine, naiendesha tena. Siku ya nne programu ikafa. Picha hukatwa miraba midogo, kila mmoja una nafasi sitini na nne. Alama iliyoharibika iliamuru kuruka nafasi mpaka nje ya mraba, na programu ikatii, ikaenda kuandika mahali pasipo pake. Kosa lilikuwa langu, Mjomba, si la mtu mwingine. Nikalirekebisha. Sasa ikikuta alama isiyowezekana inakiacha kile kipande, inatafuta mwanzo wa kinachofuata, na somo linaendelea na doa dogo tu.

Neema alifurahi. Akaniuliza mbele ya wenzangu, "Mbinu hii umeitoa wapi?"

Nikajibu, "Niliisoma chuoni."

Nilikukana. Wewe umelala udongoni, mimi naona aibu kumtaja fundi deki wa Nachingwea aliyeishia darasa la saba. Mchana ule sikwenda kula. Nikamfuata Neema mezani kwake, nikamweleza yote, hadi msasa. Hakucheka. Alisema, "Ripoti ya jaribio bado hujaifunga. Kaandike."

Nikaandika kwamba jaribio hili nilifundishwa na Fundi Rashidi wa Nachingwea. Nakala moja nikaituma nyumbani kwa basi la Ruangwa. Issa akamsomea mama yake, akimfafanulia kwa Kimwera. Mengi mama hakuyaelewa. Lakini Issa anasema alipofika penye jina lako, mama alimshika mkono, akamwambia arudie hapo. Akarudia. Akamwambia tena.

Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole, Mjomba. Sitakuficha tena. Popote nitakapoulizwa nani alinifundisha kazi, wewe utatangulia, chuo kitafuata.

Mpwa wako,
Zuhura