Vanila Imekubali

Sigowet,
Jumapili, baada ya kanisa.

Binti yangu mpendwa Winny,

Nakusalimia sana kwa jina la Bwana. Uko mzima? Kile kikohozi kiliisha? Unakula chakula ama ni chai na mkate tu? Huku hatujambo. Ng'ombe amezaa, na ndama ni jike.

Winny, vanila imekubali! Fungua kwanza huo mzigo ndugu yako Kiplimo amekuletea, unuse. Nyumba yote inanukia hivyo, utamu wenye joto, mpaka mchungaji alipokuja kutuombea alikatiza maombi akauliza tunaoka keki gani. Yule mama wa marashi uliyemtuma alinusa, akafunga macho, akasema anachukua yote na ya mwaka ujao pia. Na baba yako, aliyeapa kwamba isipozaa anaing'oa apande nepia ya kulisha ng'ombe, sasa ndiye anaifukuzia kuku.

Bitutu, yule jirani wetu Mkisii tunayechuna naye chai, ndiye alinisomea mwaka jana ile karatasi yako ya jinsi ya kutunza vanila. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, Mama Winny, kumbe bwana na bibi wako ndani ya ua moja, ni wewe wa kuwakutanisha, na umekaa tu unangojea nyuki! Basi mwezi mzima nilikuwa huko na umande, mwiba mkononi wa kuwakutanishia, ua moja moja, kwa sababu likifunguka asubuhi, saa sita limefunga. Hata kanisa nilikosa. Lakini hivi vidole vilivyozoea kuchuna majani chai, mama, vilishika kazi mara moja.

Sasa kuna neno linanichoma, na kwa simu sauti ingenikataa. Mwaka juzi, maua ya kwanza yalipoanguka yote, nilikuambia ni mvua ya mawe. Hakukuwa na mvua ya mawe. Karatasi yako ilikuwa ya Kizungu, nikaona haya kusema sijaelewa, nikayaacha maua hivyo hivyo. Wewe ukalia, na sasa Kiplimo anasema unataka kununua neti za kufunika shamba. Usinunue. Nisamehe mama yako.

Baba yako nilimwambia jana. Alicheka tu. Akasema alijua siku ile ile, maana ni mvua gani ya mawe inapiga vanila na kuruka mahindi yaliyo kando yake? Lakini aliniona nimekonda kwa mawazo, akarudisha nyumbani jembe la kuing'olea, akanyamaza miaka miwili.

Anakusalimia, na Bitutu pia. Vaa sweta. Mungu akulinde mpaka tukuone.

Ni mimi mama yako,
Rebeccah