Fundi wa Zulia Aliyekula Skonzi Tatu

Mpendwa Shangazi Winifred,

Naomba msaada kabla sijawehuka, maana nina miaka hamsini na tisa, sijawahi kumficha mtu hata bei ya gauni, na sasa naishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa Barnsley. Mimi na mume wangu Desmond ni walezi wa kambo, tunalea watoto ambao halmashauri imewaondoa kwao, na kwa miaka tisa tumekuwa chini ya shirika moja ambalo zamani lilikuwa kama familia, ukipiga simu inapokelewa, ukilia unapewa chai, lakini tangu wabadilike wakubwa simu inapokelewa na mashine, na mwaka huu peke yake tumeletewa maafisa wanne wa kutusimamia, wa tatu alimwita mtoto wetu Tamsin kwa jina la mbwa, mbwa akaitika.

Basi tukaamua kuhamia shirika jingine, dogo, la mji wa jirani, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu huyu afisa wa nne, Rosalind, ni mtu mwema, nikaona haya kumwambia, tena nikaogopa kwamba tukihama watasema Tamsin ni wao, apelekwe kwa walezi wengine, na mtoto mwenyewe ana miaka kumi na moja, amekaa kwetu mitatu, na kabla yetu alishapita nyumba tano. Shangazi, sitaweza.

Kwa hiyo Gareth wa shirika jipya alipokuja kutukagua nilimwambia Tamsin kwamba huyo mgeni ni fundi wa zulia. Alipoondoka mtoto akaniuliza, “Anti Noreen, fundi gani hana hata futi? Na kitanda changu kinamhusu nini?” Nikamwambia anywe maziwa yake.

Siri ingekaa, ila sisi walezi kila jioni lazima tuandike ripoti ya siku, nani kaja, mtoto kala nini, kacheka au kanuna, na baada ya miaka tisa mkono wangu unaandika wenyewe, nikaandika kwa mwandiko safi kabisa, “Saa kumi jioni alifika Gareth wa shirika jipya, akakagua vyumba, akala skonzi tatu,” na Ijumaa nikaituma, kwa nani? Kwa Rosalind! Desmond alicheka mpaka akakaa chini. Jumatatu Rosalind akapiga: “Noreen mwenzangu, mimi huu mwezi wa nne nakuja kwako naishia biskuti. Huyo Gareth kakupa nini?” Nikakata simu, na tangu hapo ikilia siipokei.

Desmond anasema tuandike barua leo hii tujiuzulu, yaishe. Mimi nataka tubaki tulipo na nimwambie Rosalind kwamba Gareth ni binamu yangu. Nifanye nini? Samahani kwa kukuchosha, maana hata Tamsin kawa msafi ghafla, jana nimekuta nguo zake zote kazipanga kwenye mfuko mweusi wa taka chini ya kitanda, mpaka viatu vya shule, wala sijamuuliza, nina mengi kichwani.

Wako,
Noreen

*

Noreen mwanangu,

Nimecheka mpaka miwani ikadondoka. Kisha nikafika kwenye mfuko, kicheko kikanikauka. Nitaurudia.

Binamu mwache. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe yako uliikata mwenyewe Ijumaa ulipotuma ile ripoti. Tamsin si mali ya shirika lolote. Yuko mikononi mwa halmashauri, nayo ndiyo yenye kauli. Walezi huhama mashirika na watoto wao, na mtoto aliyetulia kwa kawaida hang'olewi kwa sababu jina juu ya barua limebadilika. Mwambie Desmond aweke kalamu chini: hakuna kujiuzulu mpaka kamati ya shirika jipya iwapitishe.

Leo mpigie Rosalind. Mtu anayekutania kuhusu biskuti hajakasirika, anakufungulia mlango, nawe umejificha nyuma ya pazia! Mwambie mnahama, si kwa ubaya wake, na aitishe kikao na afisa wa Tamsin wa halmashauri. Siku hiyo mpikie skonzi, ni haki yake.

Sasa mfuko. Mtoto aliyepita nyumba tano anaujua uhamisho kuliko mimi na wewe. Mgeni anakagua vyumba, wakubwa wananong'ona, simu inalia haipokelewi. Hajawa msafi, Noreen. Amefungasha mapema ili safari hii asishtukizwe. Na wewe unayeandika kila siku mtoto amekula nini, hukumwuliza! Ungekuwa karibu ningekufinya.

Akirudi shule leo, kaa naye sakafuni chumbani kwake. Mwambie hakuna fundi wa zulia, ulidanganya kwa woga. Usimwahidi lisilo mikononi mwako, lakini mwambie kwamba mnahama shirika, hammhamishi yeye, na kwamba wewe na Desmond mtampigania kwenye kila kikao. Kisha muombe ruhusa mfungue mfuko pamoja.

Mlifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Basi jioni andika: “Saa kumi na moja nimemwomba Tamsin radhi. Nguo zimerudi kabatini. Mfuko umerudi jikoni.”

Hiyo ndiyo ripoti ninayotaka Rosalind aisome Ijumaa.

Shangazi Winifred