Mkanda wa Besi Wenye Matundu Mawili

Jumapili, 9 Novemba. Mvua tangu asubuhi. Saa nane ilipumzika kidogo, kisha ikarudi.

Kaumba, mdogo wangu,

Leo nimemwita mtu mwizi mbele ya watu, na watu wakanipigia makofi.

Naandika nikiwa kwenye kiti cha mashine ya kushonea. Besi yako, lile gitaa lako la sauti nzito, iko mapajani mwangu. Ndiyo, imerudi nyumbani. Ungeniona ungecheka, maana sijui hata niishike wapi. Nilidhani siku ikirudi nitalia kwa furaha. Sikulia. Nina uzito kifuani tangu nitoke kule, na nadhani nimeanza kuijua sababu yake.

Wapenzi wa bendi yenu hawakuacha kukutana ulipokufa. Kila Jumapili wako uani mwa baa, mlango wazi kabisa, ili asipite mtu akaenda kusema kuna mkutano wa siri. Kiongozi wao wanamwita Katibu. Wangependa kumwita Président, lakini Président ni mmoja tu katika nchi hii na hakuna anayetaka kuulizwa maswali. Mimi wananipa kiti chenye mgongo kwa sababu yako. Nakaa, nasikiliza.

Wanabishana kama watu wanaogawana shamba. Ngoma ya kwanza ilikuwa na ngozi ya mbuzi, au ilikuwa picha ya eksirei, kifua cha mgonjwa fulani kilichotoka hospitali? Les Foudres na Bana Radi ni bendi moja iliyoacha jina la Kifaransa wakati serikali ilipotubadilisha sote majina, au ni mbili? Kuhusu besi yako hawabishani. Wanajua mwili wake ulitoka kwenye ubao wa kasha, nyuzi zake zilikuwa waya za breki ya baiskeli, sikio lake la kunasa sauti lilitolewa kwenye simu mbovu, na sauti ilipitia redio kubwa ya Baba, ile yenye taa ndani.

Lakini wanachokipenda kuliko vyote ni ule ukimya.

Nimesikia habari yake mara nyingi hata naweza kuisimulia, ingawa sikuwepo, na wao pia waliipokea kwa wengine, maana wanabendi wa usiku ule wametawanyika. Onyesho lenu la kwanza, ukumbi wa kambi ya wafanyakazi, wimbo wa tatu. Besi inakatika ghafla. Ngoma inabaki peke yake, watu wanatazamana, mwanamke mmoja anapiga kelele. Halafu besi inarudi kwa nguvu kama lori linalopanda mlima, na ukumbi mzima unaruka. Bendi nyingine zilijaribu kuuiga, hazikuweza. Katibu akifika hapo husimama: "Ile kimya, bantu, haikukuwa ya bure! Ilikuwa akili ya mutu!"

Nami kila mara nilinyoosha shingo, maana nilijua mtu huyo ni wewe.

Usiku ule sikuja kwa sababu ya nguo za harusi za watu. Ulirudi unatetemeka, ukasema, "Yaya," kama ulivyoniita siku zote mimi dada yako mkubwa, "tumepiga." Sikuuliza zaidi.

Sasa wamekubaliana onyesho lile lichorwe, picha itundikwe ndani ya baa. Mchoraji ni Baba Sumaili, mzee mpole ambaye watu wake walitoka Maniema zamani. Amenyoosha gunia la unga kwenye fremu na kulipaka nyeupe. Kila Jumapili anakaa pembeni na makaa yake, anasikiliza nani alisimama wapi, nani alishika nini. Mara ya kwanza nilipomwona anaandikaandika nilidhani ametumwa na wakubwa. Ndivyo nilivyo siku hizi, Kaumba. Tangu Julai sina mtu ninayemwamini moja kwa moja.

Unajua kwa nini. Tulipomaliza kilio chako, watu walipokwisha kurudi makwao, nilikwenda kwenye pembe ya chumba chako. Mfuko wa kitenge wa kuhifadhia besi ulikuwa umening'inia kwenye msumari, mtupu.

Niliwahesabu wote waliolala hapa siku zile. Nilimshuku jirani aliyetuletea kuni. Nilimshuku binamu yetu, nikaacha kumsalimu vizuri, na yeye hajui kosa lake mpaka leo.

Jumapili iliyopita akaja huyu niliyemwita mwizi, jina lake Ilunga. Mrefu, aliinama kupita mlangoni. Alisema alikuwa akifanya kazi ya reli huko Sakania miaka hii yote, na amerudi, amepanga chumba mtaa wa Naviundu. Alisikiliza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba besi ya onyesho la kwanza ilikuwa mikononi mwake.

Wakacheka sana.

"Citoyen," Katibu akamwambia, yaani mwananchi, kama serikali inavyotaka tuitane, "na mi njo nilikuwa napiga trompette ya malaika. Baba Sumaili, unipakeko mabawa!"

Mimi sikucheka. Nilimtazama mikono. Nikamuuliza, kwa upole lakini kwa makusudi, mlikuwa mnalinganisha nyuzi na kitu gani.

"Na king'ora ya kiwanda, Yaya," akajibu hapo hapo. "Ile ya saa kumi na mbili. Kaumba alikuwa anashika ile sauti na mudomo, anaibeba mpaka fasi ya kupiga."

Nakukumbuka ukirudi mbio kila jioni, midomo imefumbwa, unavuma kama nyuki, hutaki hata kunisalimu usije ukaipoteza ile sauti. Nilidhani ni mimi na wanabendi tu tunaojua. Basi huyu ameingia nyumbani kwetu, nikajiambia. Na aliyeingia anaweza kutoka na kitu.

Wiki nzima nilishona na wazo hilo. Nilishona suruali moja miguu yote miwili ikawa ya kushoto.

Leo akaja na besi yenyewe, imefungwa katika blanketi. Ili waamini, alisema. Nilisimama kabla hajaifungua vizuri, maana niliuona mkanda. Kitambaa cha koti la kazi la Baba. Na kwenye kila kona, pale mashine yangu inaporuka mishono, uzi mwekundu niliorudia kwa mkono. Hakuna fundi mwingine Lubumbashi anayeshona vibaya hivyo.

"Huu mkanda ni wangu," nikasema. "Niliushona mimi. Besi hii ilitoka nyumbani kwangu wakati wa kilio."

Katibu akamkazia macho. "Aah! Sasa njo tunaona ile musiki ulikuwa unapiga Sakania. Musiki ya kuiba vitu ya bantu bamekufa!"

"Mi siko mwizi," Ilunga akasema. Alisema kwangu, si kwao. "Alinipa, Yaya. Nilikuya toka Sakania kumuona mbele ya aende hospitali, weye ulikuwa kwa soko. Akasema, kamata, mi sina nguvu tena."

"Mwizi!" nikasema.

Sijawahi kulitamka neno hilo kwa mtu. Lilitoka jepesi sana.

Wakapiga makofi. Mmoja akampokonya besi akaniletea. Ilunga hakugombana. Alikunja blanketi lake taratibu, kingo kwa kingo, akaniambia, "Ukumbuke vidole vyake, Yaya. Ingine sitasema, nilimuahidi." Akainama mlangoni, akatoka kwenye mvua.

Katibu akamwambia Baba Sumaili amfute yule mrefu. Mzee alichukua kitambaa, akafuta makaa pale alipokuwa amemchora kwa kujaribu, akakuchora wewe na besi, katikati, mbele kabisa. Umependeza. Amekupa hata viatu ambavyo hukuwa navyo. Lakini nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka mlangoni. "Mama, leo ni makaa tu, inafutika. Kesho nikimaliza sala ya adhuhuri naanza na rangi. Kama iko neno, ukuye mbele ya ile saa."

Hata huyu ananishuku mimi, nikawaza. Nikakasirika njia nzima.

Nilipofika nilitaka kuitundika besi kwenye msumari wako. Kwanza niliivaa, sijui kwa nini. Nilitafuta tundu la kufungia mkanda, nikakuta mawili. Moja karibu, moja mbali, umbali wa shibiri na nusu. La karibu linanitosha mimi, na wewe na mimi tulikuwa na kimo kimoja. La mbali limelegea, kingo zake ni nyeusi kwa jasho la mtu.

Hapo nikakumbuka. Ulisimama hapa hapa karibu na mashine, wiki moja kabla ya lile onyesho. "Yaya, toboa mawili. Ingine uweke mbali." Nikakuuliza, mbali kwa nani? Ukacheka. "Kwa mimi. Nitakomaa bado." Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilicheka nawe, nikatoboa.

Mtu mrefu.

Na vidole. Usiku ule uliporudi unatetemeka, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa na malengelenge, ngozi imeiva. Nilivipaka mawese nikavifunga vipande vya shiti. Ulisema ni nyuzi. Nikaamini, mimi ninayefanya kazi na uzi kila siku. Uzi hukata, Kaumba. Hauunguzi.

Redio ya Baba ndiyo iliyokuwa ikiunguza. Waya wa nyuma ulikuwa umekatika tangu zamani. Ili isikike, lazima mtu aubonyeze kwa vidole, karibu na zile taa zilizo moto kama jiko. Nyumbani tulikuwa tukipokezana, na hakuna aliyeweza kumaliza habari nzima. Sasa naona kilichotokea kama mtu amenionyesha. Ilunga alikuwa mbele na besi. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, umeushika ule waya. Wimbo wa kwanza, wa pili. Wa tatu ukashindwa, ukaachia.

Ndio ukimya wao.

Halafu ukaushika tena.

Nimekaa na jambo hili tangu saa kumi na moja. Najiuliza kwa nini ulinificha. Labda uliona aibu kuniambia kwamba baada ya kuchonga, kufunga nyuzi na kubeba ile sauti mdomoni, hawakukuweka mbele. Ulikuja kuwekwa mbele Ilunga alipokwenda Sakania, ukapiga vizuri miaka mingi, na kila mtu alikuona. Hukuhitaji usiku ule. Mimi ndiye niliyeuhitaji.

Na nikiutafuta ukweli mpaka chini, sikumbuki kuiona besi ndani ya mfuko tangu ulipoanza kulala hospitali. Niliona mfuko tu. Mengine nilijaza mwenyewe.

Naogopa kesho. Nikisema, Katibu atapiga mikono kichwani, na kile kiti chenye mgongo sijui kama kitaningoja. Nikinyamaza, utakaa ukutani katikati umevaa viatu, na kila atakayeingia kunywa atakutazama. Hakuna wa kunipinga. Ilunga hatasema. Anatunza siri yako vizuri kuliko nilivyotunza ulimi wangu.

Nitakwenda. Asubuhi kwanza Naviundu, niulize chumba cha yule mrefu wa reli, nimwombe msamaha mbele ya jirani zake, kwa sauti, kama nilivyomtukana. Nimrudishie besi, mkanda umefungwa kwenye tundu la mbali. Kisha kwa Baba Sumaili kabla ya adhuhuri. Nitamwambia amrudishe Ilunga mahali pake. Nyuma achore pazia, na chini ya pazia mkono mmoja umeshika waya, vidole vitatu vyekundu. Uso si lazima. Wanaposimulia ule ukimya, wakitazama hapo watajua ni wa nani.

Binamu naye nitamsalimu vizuri.

Mvua imepungua. King'ora kimelia muda si mrefu. Nilijaribu kuishika ile sauti kwa midomo kama ulivyokuwa ukifanya, nikafika nayo mpaka mlangoni, ikapotea.

Huko uliko, ukisikia mashine inayoruka kwenye kona, ni mimi. Unikumbuke.