Sababu ya Mstari wa Jumatano

Jumatatu, 3 Machi

Meneja mpya kaja na moto. Anataka seva zipunguzwe. Seva zenyewe hata hatuzioni — ni kompyuta kubwa za kukodi, ziko mbali huko, tunaziamrisha kwa faili moja la mipangilio. Ziwe ngapi, ziamke lini, zilale lini. Wagonjwa wa hospitali nzima wanapanga miadi yao humo.

Leo kalifungua kwenye skrini ya ukutani, wote tunatazama. Akafika kwenye mstari wa Babu Mistari, fundi wetu mzee: kila Jumatano kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, seva zisipungue sita. Siku nyingine mbili zinatosha. Na pembeni, baada ya alama ya reli (#), pale ambapo kompyuta haisomi — maneno yangu! "Usiulize kwa nini. Babu aliota."

Niliandika mwaka jana, kwa utani. Ofisi ilicheka wiki nzima, nami nikavimba kichwa.

Meneja hakucheka. Kasema, kumbe hata vijana wake wanajua mzee anabahatisha. Akaufuta mstari papo hapo, maneno yangu akayaacha. Babu alikuwa kiti cha nyuma kabisa, anapangusa miwani. Na mkataba wake unaamuliwa Ijumaa.

Aliyenifundisha kazi ni yeye. Nilikuja hapa sijui hata kulifungua hilo faili.

Jumanne, 4 Machi

Nimewahi ofisini, nikafuta maneno yangu. Nikadhani nimejisitiri. Mjinga mimi! Faili lile halisahau. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, na saa yake, na sanduku dogo la kuandika sababu. Kisha barua pepe inamwendea kila mtu. Kwenye sababu niliandika "usafi".

Saa nne Babu akaja na kikombe chake, kile chenye mkono uliogundishwa. Nikajua yamenifika. Akasema taratibu tu: mwanangu, usafi si sababu. Ukifuta kitu, andika kwa nini. Si nilikufundisha?

Akaenda zake. Bora angenitukana.

Jumatano, 5 Machi

Saa kumi na mbili na dakika tatu, huduma chini! Nimepigiwa simu nikiwa bado napiga mswaki. Seva mbili, watu maelfu. Mpaka tunaiinua, saa tatu imepita.

Nikampigia dada wa mapokezi hospitalini kuomba radhi. Akanishangaa.

"Kwani hamjui leo Jumatano? Kliniki ya figo inafungua nafasi za wiki saa kumi na mbili. Wote wanabonyeza kwa mpigo. Muulizeni yule mzee wenu! Miaka minne alikuwa anamleta mkewe, wanakaa benchi la mlangoni, yeye na simu mkononi."

Mkewe. Tulimzika mwaka juzi. Nilikuwepo! Nilishika mkono wa Babu, nikamwambia pole sana baba. Halafu mwaka haujaisha vizuri nikaandika kwamba aliota.

Mchana Meneja kasema mfumo aliojenga mzee ni mbovu, yaliyotokea leo ni ushahidi. Babu kainamia kikombe chake. Mimi nimekaa katikati yao, najua kila kitu. Nikanywa maji.

Maji!

Alhamisi, 6 Machi

Sikwenda kazini. Nimesingizia tumbo. Dada yangu kauliza ni tumbo gani hilo lililomaliza mkate mzima.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu. Wameingia — Meneja, mama wa utumishi, Babu. Chumba cha vioo, naona kila kitu kutoka mezani kwangu. Kikombe cha Babu kiko kwenye meza yake, keshakifunga kwa gazeti.

Nimeurudisha mstari wake. Neno kwa neno, seva sita. Limebaki sanduku la sababu.

Nimeandika "marekebisho". Nimefuta. "Kusahihisha kosa" — kosa la nani? Nimefuta tena.

Sasa imekaa hivi: "Mstari huu ni wa wagonjwa wa figo. Aliyeuweka alikaa nao benchi moja. Aliyeandika kwamba aliota ni mimi, na sikumuuliza hata siku moja. Jumatano nilikuwa najua, nikanyamaza."

Nikibonyeza inakwenda kwa wote. Simu ya Meneja iko juu ya meza yao, itawaka mbele ya Babu. Naogopa. Nitaonekana mtu gani humu ndani? Mtu niliye, basi.

Na bado naandika daftari hili badala ya kubonyeza.

Mama wa utumishi kasukuma karatasi. Kalamu imewekwa juu yake. Babu anatafuta miwani mfukoni. Kaipata. Anaipangusa — huwa anaipangusa polepole, jicho moja, kisha la pili. Yuko kwenye la pili — naliacha daftari hili.