Mstari Wangu Karibu na Tangi

Oslo, Jumapili

Mwaitu, mama yangu,

Nakuamkia kutoka huku kwenye baridi. Goti linaendeleaje? Mvua imefika Kangundo, ama bado mnaangalia tu mawingu yakipita juu kwenda kwa wengine? Mimi niko. Nakula, nalala, naenda kazini. Ukiuliza kama ni mgonjwa, hapana. Ukiuliza moyo uko vipi, sisikii kitu.

Mutua, kaka yangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma yote, usiruke mahali utakapojikuta.

Barua yenu ilifika. Mnasema kahawa ya Baba imekuwa kazi ya bure, mnataka kuing'oa mpande mahindi na maharagwe, na kilichobaki ni neno langu. Ule mstari wa miti karibu na tangi la maji Baba alinipa nikiwa darasa la nne, na Mama amekataa uguswe kabla sijajibu. Asante, Mama. Nimekaa na barua hiyo wiki nzima nikingoja moyo uniambie kitu. Umenyamaza tu.

Hamjawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni gani. Hapa kikombe kimoja cha kahawa kinatengenezwa kama dawa. Inapimwa kwenye mizani ndogo, inasagwa papo hapo. Maji yakichemka unayaacha yatulie kidogo, maana yakiwa makali yanaiunguza. Unamwagia kidogo kwanza ilowe, inafura, unangoja, halafu unamimina pole pole ukizungusha mkono. Ukiharakisha inakuwa chachu, ukichelewa inakuwa chungu. Sukari utapewa, lakini watakuangalia.

Solveig, mama mwenye duka hili la kahawa ninakofanya kazi, husema kazi kubwa inafanywa shambani, kwamba ikichumwa mbichi hakuna mtu wa kuitengeneza huku. Nikamkumbuka Baba kule kiwandani, amemwaga gunia chini, anatuchambulisha mara ya pili na watoto wa wenzake wameshaenda kucheza. Karani anamwambia, "Mzee, hiyo iko sawa, leta." Naye, "Bado. Naona kijani." Mutua, wewe ulikuwa ukizificha hizo za kijani mfukoni ili tuende nyumbani haraka.

Juzi Solveig alileta kahawa ya kutoka kwetu Machakos. Tukaionja. Kuonja kwa huku unaivuta kwenye kijiko kwa kelele, Mama ungetuchapa, kisha unaitema kwenye ndoo. Mmoja wa wenzangu kazini akasema anasikia zabibu, mwingine nyanya. Wakanigeukia mimi, mtu wa huko. Kwangu yalikuwa maji moto tu. Tangu simu ile ya msiba wa Baba chakula chote kiko hivyo. Niliogopa kupoteza kazi, nikasema zabibu.

Kesho yake nilifika kabla hatujafungua. Nikaitia ile kahawa kwenye sufuria na maziwa, sukari na tangawizi, nikaichemsha mpaka ikafura ikamwagikia jiko. Ndivyo ulivyofanya, Mama, siku Baba alipoleta pakiti kutoka Machakos mjini, akitaka angalau mara moja aonje kitu anacholima. Ukaichemsha kama chai, ukachuja na kichungi cha chai. Baba akanywa, kisha akauliza, "Sasa hii ndiyo watu wanavuka bahari kutafuta?" Ukamwambia, "Kunywa, hakuna ingine." Akamaliza kikombe, akaomba chai.

Solveig akanikuta nikiinywa. Aliangalia ile sufuria kama mtu aliyekuta mbuzi kanisani. Akajimiminia kidogo, akaonja, akasema, "Imeungua." Ni kweli, na mimi nilisikia. Maziwa yaliyoungua, na tangawizi nyuma yake. Ni kitu cha kwanza ulimi wangu kusikia tangu Baba atuache. Sikulia. Nilisugua jiko, tukafungua duka.

Basi jibu langu ni hili. Mutua, ng'oa. Watoto lazima wale, na Baba hangekulaumu. Lakini mstari wangu uache. Si eti nataka kahawa. Mlimzika mkiwa wote, kila mtu akatupa udongo wake, na mimi nilikuwa huku nikingojea karatasi za kukaa. Sikushika udongo wowote. Zikitoka nitakuja, na miti hiyo nitaing'oa mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka mizizi.

Nisalimieni Susu, nyanya yetu, mwambieni bado navaa ile sweta yake. Salamu kwa Kalekye, mke wa Mutua, na kwa shangazi yetu wa Masii ambaye alikaa na Mama wakati wa matanga. Mama, goti lisikukataze kukaa nje jioni, Mutua atakutolea kiti.

Ni mimi mtoto wako,
Mwende

Mutua, jembe la Baba, lile la mpini uliofungwa waya, usimwazime mtu.