Mvua ya Nyansiongo Iliyotangulia kwa Siku Moja

Mpendwa Tata, baba yangu,

Wiki hii nimekuona tena kwenye kumbukumbu, asubuhi ndani ya ukungu wa Nyansiongo, ukikanyaga umande kuelekea kile kipimamvua ulichokizungushia waya ili ng'ombe wasikiangushe. Nakufuata miguu peku, nimekumbatia daftari. Unainua chupa hadi usawa wa jicho, kisha unasema polepole, "Andika, mama." Nami naandika milimita zako kama mtu anayeandika siri. Ulikuwa mwalimu, na kazi hiyo hukuombwa na shule. Watu wa hali ya hewa walikuachia kifaa tu, ukakitunza mpaka ugonjwa ulipokulaza usiinuke tena.

Siku hizi nafanya kazi Kisii mjini, kwenye ofisi ndogo ya kompyuta. Tunachora ramani ya mvua, ili wakulima wa chai na mahindi waone misimu inavyohama. Madaftari ya watu kama wewe yamepigwa picha na kuingizwa humo. Rekodi ni nyingi mno kwa kompyuta moja, kwa hiyo programu niliyoandika huzigawa kwa kompyuta nane. Kila moja hufanya fungu lake, halafu majibu huunganishwa.

Yalipounganishwa, mvua ya Nyansiongo ilinyesha siku moja kabla ya majirani wake wote. Mwaka baada ya mwaka, kama vile kijiji chetu kiliishi kesho.

Bwana Ouma, mkuu wetu, aliitazama ramani akatikisa kichwa. "Kemunto, hizi data za Nyansiongo ni mbovu. Tuzitoe tusonge mbele."

Hakujua ni za nani. "Nipe siku mbili," nikamwambia.

Kwanza nilishuku mashine. Fungu lako lilikuwa kwenye kompyuta ya sita, nikalihamishia ya pili. Kosa likahama nalo. Nikaliendesha peke yake kwenye kompyuta ya mezani kwangu, bila kuunganisha chochote. Kosa lilelile. Basi halikuwa kwenye mashine wala kwenye kuunganisha. Lilikuwa ndani ya kurasa zako. Hapo niliogopa, Tata. Niliogopa kwamba labda ulikosea miaka yote hiyo, na kwamba mimi ndiye nitakayelisema.

Nikafungua picha za madaftari. Mwandiko wako umelala kidogo kulia, wino umefifia. Na kwenye safu ya saa, kila siku: 3. Kurasa nyingine ni za mkono wangu wa utotoni, nazo zinasema 3.

Saa tatu asubuhi, Tata. Vituo vingine viliandika 9 kwa saa za Kizungu. Programu yangu ikasoma 3 yako kuwa saa tisa usiku, na chochote kilichopimwa kabla ya jua kuchomoza ikakihesabia siku iliyotangulia. Hukukosea. Niliyekosea ni mimi, niliyeifundisha mashine kusoma saa bila kukumbuka jinsi tunavyozitaja nyumbani.

Sikugusa tarakimu zako hata moja. Nilirekebisha programu, nikaiendesha upya kwenye kompyuta zote nane, na mvua ikashuka Nyansiongo siku ileile iliyoshuka kwa majirani. Bwana Ouma alikuja akasimama nyuma yangu. "Ni za baba yangu," nikasema. Akavuta kiti, akaketi.

Tukapitia kurasa pamoja. Kwenye safu ya maelezo, mahali pa kuandika mvua ya mawe au ukungu, uliandika siku moja, kabla sijajua kushika kalamu: "Manyunyu. Kemunto ametembea hatua nne."

"Hii nayo tuifanyeje?" Bwana Ouma akauliza kwa sauti ya chini.

Programu haijui la kufanya na maneno hayo. Nimeiagiza iyapite bila kuyafuta.

Pumzika, Tata.

Binti yako,
Kemunto