Maua Ndani ya Mifuko ya Walinzi

Jumatatu, 25 Machi 2019
Naongea na simu tena, inishikie maneno, juu kuandika sikufundishwa. Cherehani zinaimba hapa Jeppestown, ugenini. Sisi wamama wa kanisa tunashona suruali za walinzi wa kampuni, mwanangu Dieu ni mmoja wao. Watu wanasema Ijumaa wenyeji watakuja kuvunja maduka ya wageni kule Jules Street. Maneno hayo tumeyazoea. Lakini safari hii hata wenye spaza, viduka vya mtaani, wanatoa friji zao.

Dieu atasimama mlangoni pa duka. Akiwa na uniform ni mlinzi. Bila uniform ni Mkongomani tu. Naogopa. Basi.

Jumanne, 26 Machi
Stoo ya kampuni imeleta vifungo, gunia zima. Kitambaa cha mifuko hakuna. Mkubwa wa stoo, baba Themba, anasema kesho. Kesho ya stoo naijua. Marehemu mume wangu alikuwa askari kule kwetu Kalemie. Vita inakaribia, wakampa viatu viwili, vyote vya kushoto. Akavivaa hivyohivyo! Mpaka anakufa, kugeuka kulia kulimpa shida. Nilikuwa nasema nini? Mifuko.

Jumatano, 27 Machi
Kitambaa hakijafika. Mlinzi bila mfuko ataweka wapi firimbi? Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Kabatini mna kitenge cha Wamama wa kanisa, cha kuvaa wote Pasaka. Njano, maua mekundu makubwa. Nimekikata. Maman Chantal, mwenyekiti wetu, akapiga kelele: "Maman Régine, Pasaka tutavaa nini?" Nikamwambia, "Na mume wako, si analinda palepale?" Akachukua mkasi wa pili.

Alhamisi, 28 Machi
Themba amekuja kukagua. Akageuza mfuko mmoja nje. Maua.
"Eish, gogo! Hii ni uniform ama ni harusi?" Gogo kwao ni bibi.
Akikataa, kesho Dieu anasimama na jinzi. Nikasema, "Rudisha ndani. Sasa unaona nini?" Akarudisha. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma. Nyeusi tupu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akapakia zote kwenye gari.
"Sharp, gogo." Yaani sawa.
Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 29 Machi
Tumefunga mlango. Kelele mbali. Halafu karibu. Halafu mbali. Simu ya Dieu imezimwa. Nimekaa kwenye cherehani nashona kitu hakuna aliyeniagiza.

Jumamosi, 30 Machi
Dieu amerudi asubuhi. Mzima. Anasema wale watu walifika mpaka kwenye robot, taa za barabarani, wakaona walinzi wamejipanga, weusi ti kuanzia shingoni mpaka chini, wakawatukana vizuri sana, wakageuka.

Pasaka kila mama atavaa kitenge chake cha nyumbani. Tutafanana na soko. Maman Chantal mwenyewe amesema haidhuru.

Dieu amelala kwenye kiti, hajavua uniform. Mkono uko ndani ya mfuko, ananikoromea. Nimempunguzia sauti ya redio.